Njia Iliyofungwa Masika

Ijumaa iliyopita nilikabidhi ufunguo wa stoo ya ramani, na vijana wa idara ya ardhi wakanifanyia hafla yenye soda, keki na hotuba. Mkuu wa idara akasema kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kukosea. Sikumpinga kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa nimeshameza, kwa hiyo naandika.

Nawaandikia ninyi mnaobaki. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha kwenye faili langu, atakayetaka akasome huko. Mji wenyewe pia siutaji. Uko mkoani Simiyu. Watu wa Bariadi wakisikia habari zake hudhani ni Maswa, na watu wa Maswa hudhani ni Bariadi, na mimi naona hiyo inatosha.

Nilifika hapa kabla mkoa huu haujazaliwa, tulipokuwa bado tunahesabiwa Shinyanga. Mimi ni Mpare wa Same. Nilishuka kwenye basi na sanduku la bati na viatu vya ngozi ambavyo mama alivinunua akiamini mwanawe anakwenda kukaa ofisini. Ofisi yangu ya kwanza ilikuwa mbuga. Kwa wenyeji wa huku mbuga si mahali pa kutazama simba, ni udongo mweusi wa bondeni, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kiatu cha kushoto kilibaki humo siku hiyo hiyo, na hakikupatikana.

Aliyenipokea ni Mzee Kitundu, mpima ardhi mwandamizi aliyetoka Singida, mtu mfupi mwenye kofia ya kaki na sauti ya chini. Alinitazama miguu, mmoja una kiatu na mwingine una tope, akasema, "Kesho njoo na viatu vya mtu anayefanya kazi." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu elekezi, yote.

Ninyi mnapima kwa mashine inayoongea na setilaiti, mnabonyeza, mnapiga miayo, mnaondoka. Sisi tulivuta mnyororo wa chuma, na penye miba tuliuvuta na miba yake. Theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, tuliibeba kama mtoto mchanga, na aliyeibeba hakutaniwa njiani. Lakini kifaa ambacho Mzee Kitundu alikiheshimu kuliko vyote kilikuwa kitabu cha uwandani, kijitabu chenye jalada gumu jekundu ambamo tuliandika kila kipimo na kila tulichokiona, palepale tuliposimama, kwa penseli ngumu.

Kanuni yake ilikuwa moja. Kitabu cha uwandani hakifutwi.

"Ukikosea, piga mstari mmoja tu juu ya neno," aliniambia. "Neno lisomeke chini ya mstari. Andika lililo sahihi juu yake, tia saini. Anayefuta ana jambo anaficha."

Wiki ya pili alikuta alama ya raba kwenye ukurasa wangu. Hakunigombeza. Aliomba ile raba, akaitupa dirishani, na mbuzi wa jirani akaila. Sijamiliki raba nyingine mpaka leo.

Kosa ninalotaka kuwasimulia nililifanya masika ya mwaka ule wa kwanza. Tulitumwa kupima uwanja mkubwa wa nyasi ulio kati ya mtaa wa Mashineni na soko. Mzee Kitundu alilala na homa, akanituma peke yangu, na mimi nikajiona nimeshakuwa mtu. Mwenyeji aliyenionyesha mipaka na kunishikia fito alikuwa Mzee Limbu, mfugaji, mwenye ng'ombe wachache na maneno machache zaidi.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia, nikijivunia Kisukuma changu cha wiki kadhaa.

"Mwangaluka," alijibu, akacheka kidogo, nadhani kwa matamshi.

Uwanja ulikuwa na nyasi za kufika kiunoni. Upande wa Mashineni niliona matawi ya miba yamepangwa chini, na upande wa soko vilevile. Nikamuuliza kama katikati pale pana njia.

"Njia ipo," akasema. "Sasa imefungwa."

Nikaandika kitabuni, kwa mwandiko mzuri: Njia: imefungwa. Niliporudi kwenye meza ya kuchorea nikafikiri kama Mpare, kwamba njia iliyofungwa ni njia iliyokufa, na maiti haichorwi kwenye ramani. Nikaacha uwanja mtupu, nikauandika kwa herufi kubwa ENEO LA WAZI, kama kanuni za mipango miji zinavyotaka. Pembeni chini nikatia saini yenye mkia mrefu, saini ya kijana aliyepata kazi.

Uwanja ule ulikuwa ngitili. Msukuma anayesoma hapa ameshacheka. Ninyi wengine niwaeleze. Ngitili ni malisho yanayotunzwa. Mvua zikianza, wenyewe wanayafunga kwa miba ili nyasi zikue, mtu hapiti wala ng'ombe haingii. Kiangazi kikikaza wanafungua, na njia inarudi palepale ilipokuwa. Mzee Limbu aliponiambia imefungwa, alikuwa anasema kama mwenye duka anavyosema duka limefungwa. Hakusema limebomolewa.

Naomba msinihurumie upesi, maana sehemu mbaya bado. Kiangazi kilipofika niliiona ile njia kwa macho yangu. Miba imeondolewa, watu wanapita, akina mama na ndoo, ng'ombe, wanafunzi, na mimi mwenyewe nikaipita kwenda sokoni kula mchana. Nikajua nimekosea. Lakini ramani ilikuwa imeshapelekwa kuidhinishwa, Mzee Kitundu ameshahamishwa, na nikajiambia nitarekebisha ramani zikipitiwa upya. Kuna mambo mtu hujiambia mpaka yanakuwa mazoea. Niliipita njia ile kwenda kula wali na maharage kwa miaka yangu yote ya kazi, na kwenye ramani yangu haikuwepo.

Mji ulipokua, wenye ng'ombe wakawasogeza mbali, kule Nkoma na Lalago walikokuwa na ndugu. Miba haikuwekwa tena. Njia ikabaki masika na kiangazi, ngumu na nyeupe kwa kukanyagwa, na aliyeitumia kuliko wote akawa Kabula, kitinda mimba wa Mzee Limbu. Kabula alipata polio akiwa mdogo. Anakwenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, na sokoni ana cherehani ya mkono ambayo ndiyo imesomesha wanawe. Suruali zangu zote za kazi ameshona yeye. Nikinenepa, ananitangazia mbele ya wateja.

Sasa nifike kwenye bustani.

Miezi michache kabla sijastaafu, halmashauri yetu iliamua kuutengeneza uwanja ule. Kazi alipewa Neema, afisa mipango miji, binti wa Morogoro, mchapakazi ambaye ningemwachia meza yangu bila wasiwasi. Akachora bustani nzuri kweli: miti, viti, mahali pa kupigia picha za harusi. Ukuta kuzunguka pande zote, geti moja upande wa barabara kuu, na upande wote wa Mashineni maegesho ya magari. Alifanya alivyofundishwa. Alifungua ramani iliyoidhinishwa, akaona hakuna njia, akachora.

Wananchi wakaitwa kuelezwa, katika darasa la shule ya msingi. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, na mtu aliyekaa hivyo huwa hana subira. Diwani alikuwa mwenyekiti. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kazi yangu ikiwa kushika waya wa projekta uliokuwa unachomoka.

Maswali yalianza kwa upole.

"Hayo maegesho ni ya magari ya nani?" aliuliza mzee mmoja. "Mashineni mwenye gari ni mwalimu mkuu peke yake, na gari lenyewe kuku wanatagia."

"Ni kwa ajili ya baadaye, mzee wangu," Neema akajibu. "Tunapanga mji wa kesho."

"Na sisi wa leo tutaingilia wapi?"

"Getini, barabara kuu."

Darasa likavuma. Barabara kuu inapanda kilima, pembeni ina mtaro mrefu, na msimu wa pamba malori hushuka pale kana kwamba yamekatazwa breki. Kabula alikuwa mlangoni, maana baiskeli yake haikupita kati ya madawati. Akanyoosha mkono, akasalimu.

"Mwadila, mheshimiwa. Mimi naitwa Kabula, fundi cherehani, mnanijua. Kila siku napita katikati ya uwanja kwenda kazini. Mkijenga ukuta, mimi napandaje kile kilima na mikono hii? Mkisema nisukumwe, nani anakuja kunisukuma kila asubuhi? Nataka kujua, nafunga kazi ama siifungi?"

Neema akapekua karatasi zake. Alijibu kwa heshima, lakini alijibu kutoka kwenye karatasi. "Mama, nakuelewa. Ila kwenye ramani iliyoidhinishwa pale hapana njia. Pameandikwa eneo la wazi."

"Wazi si ndiyo hivyo?" Kabula akasema. "Mlango ukiwa wazi, watu wanapita. Ninyi mnasoma wazi kama nyumba isiyo na mtu, mnaingiza vyombo vyenu."

Watu walipiga makofi. Kelele zilipotulia akauliza swali ambalo sijalisahau.

"Hiyo ramani alichora nani? Aje aseme kama hakuona njia."

Ramani ilikuwa ukutani, kubwa, na pembeni chini saini yangu na mkia wake. Kwa bahati haikusomeka kutoka mlangoni. Nikauachia waya, ukachomoka, picha ikazimika, na diwani akaahirisha mkutano kwa wiki moja ili watu waandike pingamizi zao. Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Naona aibu kuandika hivyo, lakini kwa mlango wa nyuma ndiko nilikotoka.

Asubuhi nilifungua stoo. Vitabu vya uwandani vilikuwa rafu ya chini, vimeliwa pembeni na mchwa, ila mchwa wa halmashauri huanza na risiti, vitabu huviacha mwisho. Nikakipata chekundu changu. Ukurasa ulikuwepo, vipimo, jina la Limbu, na lile neno kwa mwandiko mzuri: Njia: imefungwa. Ningekuwa na raba siku zile, huenda lisingekuwepo, kwa sababu baada ya kuiona njia kiangazi kile nilikishika kitabu hiki nikakitazama muda mrefu. Mzee Kitundu na mbuzi waliniokoa.

Nilikipeleka kwa mkuu wa idara. Akakisoma, akakifunga, akanisogezea.

"Mbwambo, umebakiza miezi mitatu," akasema. "Ondoka vizuri. Ukisema mbele ya watu kwamba ramani ina kosa, kesho kila mwenye ugomvi wa mpaka atakuja hapa na jembe."

"Wakija, vitabu vipo. Tutasoma."

"Wapare mnapenda kesi."

"Hii siyo kesi, mkuu. Hii nimeshashindwa."

Hakunikataza wala hakuniruhusu. Wenye uzoefu mnajua kwamba hiyo ni ruhusa.

Neema nilimweleza kabla ya mkutano, maana si haki mtu aaibishwe kwa kosa la mwingine. Alikasirika. Alisema, "Mzee, wiki tatu nimechora juu ya ramani yako, na wewe kila siku mchana unanipita ukienda sokoni. Unapitia wapi?" Baadaye akaniuliza kama naweza kumwonyesha njia inaanzia wapi, tukaenda, akaipima mwenyewe mpaka sokoni bila kunisemesha. Nilimfuata nyuma nikimshikia kifaa, kama Mzee Limbu alivyonishikia fito.

Mkutano wa pili darasa lilijaa mpaka madirishani. Diwani alipofungua tu nilisimama, nikapita mbele na kitabu changu chekundu.

"Wiki iliyopita aliulizwa aliyechora ramani," nikasema. "Ni mimi. Na njia niliiona."

Niliwasomea ukurasa wote, tarehe, vipimo, jina la mwenyeji aliyenionyesha. Niliposoma jina la Limbu, Kabula alisogeza baiskeli yake mlangoni.

"Baba alikuambiaje?" akauliza.

"Aliniambia njia ipo, sasa imefungwa."

"Ilikuwa masika?"

"Masika."

"Na wewe ukaelewa nini?"

"Nikaelewa imekufa."

Darasa lilicheka, na walicheka muda mrefu. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi, wakaelezana kwa Kisukuma upya, wakacheka tena. Kabula hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Baba alikuwa anasema kidogo," akasema. "Ungemuuliza neno moja zaidi angekujibu."

Hilo liliniuma kuliko kicheko, kwa sababu ni kweli tupu. Nikamwambia, "Nisamehe, mayu, mama yangu. Na nilipojua, nilinyamaza. Kwa hilo pia nisamehe."

"Kwanza njia," akasema.

Neema akasimama. Alikuwa amechora upya. Ukuta una milango miwili, mmoja Mashineni, mwingine sokoni, na njia iliyonyooka kati yake, ardhi sawa, haina ngazi. Maegesho yamesogezwa upande wa barabara kuu na kupungua nusu. Mzee wa kuku akauliza kama milango hiyo itafungwa usiku, akajibiwa haitakuwa na komeo. Mwingine akataka ijulikane wazi kwamba wenye harusi hawataziba njia kwa magari yao, na diwani akamwagiza katibu aandike.

Palibaki vyuma. Neema alikuwa amechora vyuma vya kupindapinda kwenye milango ya bustani, vya kuzuia bodaboda. Nilivitazama, nikamtazama Kabula, nikatoa tepu mfukoni, maana mpima ardhi hata msibani ana tepu. Nikapiga magoti pale mlangoni mwa darasa nikapima baiskeli yake, gurudumu kwa gurudumu, Neema akiandika. Vyuma vingempitisha mtu na kuiacha baiskeli nje.

"Tukivitoa, bodaboda watapita," Neema akasema.

"Wapite," Kabula akajibu. "Nitawasema."

Watu waliguna kwa kukubali, kwa sababu ulimi wa Kabula unajulikana mpaka Kiloleli. Vyuma vikatolewa.

Kabla hatujatawanyika niliweka kitabu juu ya meza ya mwalimu. Nikachukua penseli ngumu, nikapiga mstari mmoja juu ya neno "imefungwa", neno likisomeka chini yake. Juu yake nikaandika "wazi". Nikatia saini, na safari hii sikuweka mkia. Nikampa Neema penseli naye atie ya kwake kama shahidi. Kabula akaomba kitabu kipelekwe mlangoni, akakisoma polepole, akapitisha kidole juu ya jina la baba yake. "Wabeja," akashukuru, na akanirudishia.

Hakuna aliyekuja na jembe. Walikuja wawili na maswali ya mipaka, tukafungua vitabu, tukasoma, mmoja alikuwa na haki na mwingine hakuwa nayo. Kwa hiyo ninyi mnaobaki, mashine zenu ni nzuri, zipendeni. Ila mashine haijui kumuuliza mwenyeji anamaanisha nini, na mwenyeji wa huku hatakueleza usipouliza, ataona ni utovu wa adabu kukudhania hujui. Uliza neno moja zaidi. Kitabu chekundu kiko rafu ya chini, msikitoe.

Juzi nilikwenda kupima suruali ya kustaafia. Bustani imekamilika upande wa Mashineni. Nilifika katikati ya njia nikasimama, nikainama kutazama kama mawe ya pembeni yamepangwa kwa mstari, ugonjwa wa kazi huo, nikasahau kwamba mimi si mtumishi tena na nimezuia watu. Nyuma yangu kengele ikalia mara mbili.

"Mbwambo," Kabula akasema, "hapa siyo maegesho."

Nikapisha.